Msituambie Hatusomi

Ndugu msomaji, kuna wimbo mmoja umenichosha masikio. Unaimbwa redioni, unaimbwa kwenye semina za hotelini, unaimbwa na wazee ndani ya daladala, na unaimbwa hata na watu ambao kitabu cha mwisho kukifungua kilikuwa cha stakabadhi. Wimbo wenyewe ni huu: "Vijana wa siku hizi hawasomi!" Mtu akishauimba hutikisa kichwa kwa huzuni, akanywa maji yake ya chupa, akasaini posho na kwenda zake.

Mimi ni kijana wa siku hizi. Nilimaliza kidato cha nne, sikwenda mbele, naishi Mbagala na mama yangu, na naandika riwaya ambayo hadi leo haijapata mchapishaji. Nausikia huo wimbo kama mtu anayesomewa mashtaka bila kuulizwa anasemaje. Basi leo naomba kusema.

Sikatai kwamba wapo vijana wasiosoma. Wapo, tena wengi, na baadhi nakaa nao kijiwe kimoja. Ninachokataa ni ile sauti ya hakimu. Aliyefunga mlango kwa komeo hana haki ya kumcheka aliye nje kwamba eti hataki kuingia ndani.

Ushahidi wangu ni daftari. Tangu Desemba 2019, nilipokuwa nasubiri matokeo, hadi Juni 2020, kila mwisho wa mwezi niliandika katika daftari kubwa la kaunta nimesoma nini, nimekipata wapi, na nyumbani mambo yalikuwaje. Likizo ya kidato cha nne ni ndefu kama njaa. Wengine huimalizia kwenye kozi ya kompyuta, wengine kwenye genge la mama, wengine kwenye kibanda umiza. Mimi niliimalizia kwenye genge na kwenye vitabu. Nalifungua hapa mwezi kwa mwezi, kwa sababu kila mwezi una jibu lake kwa hao waimbaji.

DESEMBA

Siku tuliyotoka kwenye chumba cha mtihani wa mwisho, Novemba 2019, wenzangu walirusha madaftari hewani kama harusini. Kufika Desemba wengi walikuwa wameshayauza kwa kilo kwa kina mama wa maandazi. Mwalimu mmoja alipita, akaguna, akasema: "Mnaona? Kizazi hiki hakipendi elimu."

Jamani! Kizazi hiki kilikuwa kimefunguliwa kutoka kifungoni. Mfungwa akitoka jela habebi godoro lake.

Hebu nikueleze tulivyofundishwa fasihi, ingawa kama umepita huko unajua. Riwaya zilikuwa Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu. Tamthiliya zilikuwa Orodha, Kilio Chetu na Ngoswe Penzi Kitovu cha Uzembe. Ushairi, Wasakatonge na Malenga Wapya na wenzao. Kaka yangu aliyenitangulia kwa miaka sita alisoma hivyo hivyo. Sina ugomvi na vitabu hivyo, na baadaye nitasema kwa nini. Ugomvi wangu ni kwamba hatukuvisoma! Darasa la watu zaidi ya sitini, nakala moja, nayo ilikaa kwa mwalimu. Sisi tulipewa uchambuzi. Kijitabu chembamba, au karatasi za fotokopi zilizofifia, zikakupa jina la mwandishi, dhamira tano, ujumbe, falsafa, wahusika na tabia zao, tamathali za semi, halafu "kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi". Ukikariri hayo, pepa umeshalimaliza.

Matokeo yake nini? Tulijua kwamba Mzee Lomolomo ni mlevi kabla hatujamsikia akisema neno hata moja. Sekai anakimbia na mwanawe zeruzeru asije akauawa, jambo ambalo mtu mwenye moyo hawezi kulisoma akapumua vizuri, na sisi tuliandika: "Nafasi ya mwanamke: mama mlezi, jasiri", tukapiga mstari kwa rula. Huko ndiko kufundishwa kusoma? Mtu anakuhadithia pilau ilikuwa na viungo gani, anakupa mtihani wa viungo, kisha anashangaa mbona hupendi pilau!

Desemba hiyo ndipo nilipokisoma Watoto wa Mama N'tilie chenyewe, kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuulizwa swali. Nilikipata kwa muuza vitabu vya mtumba aliyetandaza turubai lake pembeni ya barabara pale Kariakoo. Emmanuel Mbogo anaandika juu ya watoto wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, wanaishia kuokota riziki kwenye dampo la Tabata. Mama yao anauza chakula. Ndugu msomaji, nusu ya darasa letu walikuwa watoto wa mama ntilie kwelikweli! Tulikuwa tunasoma habari zetu wenyewe na hakuna aliyetuambia. Katika daftari nimeandika: "Kitabu hiki kilikuwa changu miaka minne na sikupewa."

JANUARI

Januari 2020 nchi nzima ilishika simu. Matokeo ya kidato cha nne yalitoka. Kiswahili nilipata B, hisabati F, na kwa jumla nikaangukia daraja la nne. Mama hakunigombeza. Alisema tu: "Basi kesho tutawahi wote sokoni," tukalala.

Mwezi huohuo, tarehe 9, alifariki Euphrase Kezilahabi. Mtu aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, akaandika Rosa Mistika, Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo, Gamba la Nyoka, Nagona na Mzingile, na ambaye mashairi yake yasiyo na vina yalizua ugomvi wa wanamapokeo na wanamabadiliko ambao mpaka leo haujaisha. Nilipofika kijiweni nikawaambia masela kwamba Kezilahabi amefariki, mmoja akauliza kwa heshima kabisa, bila masihara: "Pole sana. Alikuwa anachezea timu gani?"

Hapo mwimbaji wetu atapiga makofi: "Si umeona?" Subiri. Huyo jamaa aliyeniuliza ana kichwa. Anajua kikosi cha Simba na cha Yanga cha miaka kumi nyuma, nani alifunga dakika ya ngapi, nani alitoa pasi. Ubongo unaobeba yote hayo unashindwaje kubeba jina la Kezilahabi? Haushindwi. Haukupelekewa. Mchezaji anatangazwa asubuhi, mchana, jioni, na usiku anachambuliwa na watu watatu wenye vipaza sauti. Mwandishi anatangazwa akifa, dakika mbili, kabla ya taarifa ya hali ya hewa.

Mwezi ule nilisoma Rosa Mistika kwa mara ya kwanza. Nakala ya kuazima, haina jalada, kurasa zinaachia. Nilikimaliza kwa usiku mbili kwa mwanga wa simu. Shangazi alinikuta nacho akacheka: "He! Hicho? Sisi tulikisoma kwa kujificha." Kwa nini wajifiche? Kwa sababu riwaya hiyo ilipotoka mwaka 1971 wakubwa waliona haiwafai wanafunzi, ikazuiwa mashuleni, ikaja kuruhusiwa baadaye. Inasema nini cha kutisha hivyo? Inasema habari za msichana aliyelelewa kwa mkong'oto na baba mkali, asiambiwe chochote juu ya dunia, kisha akaachiwa dunia nzima kwa mkupuo mmoja. Inawauliza wazazi: mlimfundisha nini? Swali lile liliwauma wazazi, wakalifungia kabatini.

Ndiyo tabia yetu hiyo. Kitabu kinachozungumza na kijana juu ya mambo anayolala akiyawaza kinaitwa kibaya. Kitabu kinachomhubiria kinaitwa kizuri. Kijana akivikimbia vyote viwili tunasema hasomi.

FEBRUARI

Februari ilikuwa ya Willy Gamba na Joram Kiango. Sitaki kuomba radhi.

Kuna watu wakisikia "riwaya pendwa" hukunja pua kama wamepita karibu na mtaro. Nilishawahi kuambiwa shuleni kwamba vitabu vya Elvis Musiba na Ben Mtobwa ni takataka, vinapoteza muda. Hebu tuulize: vimempotezea nani muda? Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Kabla yake Muhammed Said Abdulla alishatuletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale. Musiba akafuata na Kufa na Kupona mwaka 1974, kisha Kikosi cha Kisasi. Mtobwa akaja na Joram Kiango, na Dar es Salaam Usiku, na Salamu Toka Kuzimu. Watu walivisoma vitabu hivi kwenye treni, kwenye zamu za ulinzi, kambini, hospitalini. Viliazimwa hadi vikaisha jalada. Baba zetu hawakulazimishwa na mtihani wowote.

Na mimi nilijifunza humo mambo ambayo somo la historia lilinipitishia mbali. Kwamba Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika kuanzia 1963 hadi 1994. Kwamba wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe na Afrika Kusini walipita katika mitaa hii hii ninayosukumia mkokoteni wa nyanya. Hayo niliyasikia kwanza darasani kama tarehe za kukariri, lakini niliyahisi kwa Musiba, Willy Gamba alipokuwa anakimbizana na majasusi wa Makaburu.

Kasoro zipo, nisifiche. Wanawake katika vitabu hivyo mara nyingi ni sura nzuri, kiuno na kifo. Shujaa hana njaa, hadaiwi kodi, hapandi daladala hata siku moja, na risasi zinamwogopa. Mimi naandika riwaya yangu nikiwa nabishana na kasoro hizo. Lakini ili nibishane nazo ilibidi nizisome! Asiyewahi kupanda mti wa jirani hawezi kusema embe lake lina uchachu gani. Ngazi ina kidato cha chini. Ukikikata kidato hicho kwa sababu kina matope, usimlaumu mtoto kwamba hafiki darini.

Wanaodharau riwaya pendwa wafanye hesabu moja ndogo. Waulize wanaosoma Nagona leo kwa kupenda, si kwa shahada: ulianzia wapi? Wengi watakutajia Joram Kiango, au zile hadithi za magazetini zilizokuwa zinaishia na "itaendelea wiki ijayo". Mimi mwenyewe nilianzia kwenye karatasi ya kufungia maandazi. Kipande cha gazeti, hadithi imekatika katikati, mtu ameshika bastola mlangoni... basi. Mpaka leo sijui kama alipiga. Nadhani ndiyo sababu nikaanza kuandika.

MACHI

Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilitangaza kufunga shule kwa ajili ya Corona. Mdogo wangu wa kike, wakati ule darasa la sita, alirudi na begi lake. Redio zikasema: wanafunzi watumie muda huu kujisomea nyumbani.

Kujisomea nini? Nilifanya sensa ya vitabu vya nyumba yetu, nayo iko kwenye daftari. Msahafu wa babu. Kadi ya kliniki. Kalenda ya mwaka uliopita. Daftari la madeni ya genge, ambalo kwa kweli ndilo lina wahusika wengi na migogoro mikali kuliko yote. Na vitabu vyangu vya mtumba saba. Hii ni nyumba ya mtu anayetaka kuwa mwandishi! Sasa piga hesabu ya nyumba za jirani.

Watu watasema nunueni. Haya, tununue. Wakati ule riwaya mpya ya Kiswahili dukani nilikuta inauzwa kati ya shilingi 10,000 na 20,000. Genge la mama, siku nzuri, likishatoa hela ya mzigo na nauli, lilibaki na 5,000 hivi. Yaani kitabu kimoja ni siku mbili hadi nne za mama kutokula, kutolipa umeme na kutougua. Mama hajui habari za Kezilahabi, lakini hesabu hiyo anaijua kuliko profesa yeyote.

Watu watasema nendeni maktaba. Haya, twende. Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ilifunguliwa mwaka 1967. Jengo la heshima, nalipenda, nimekaa humo siku nyingi. Lakini mwaka ule wa 1967 sensa ililikuta Jiji la Dar es Salaam na watu wasiofika laki tatu. Sensa ya 2022 imeukuta mkoa una watu zaidi ya milioni tano. Mji umekimbia kwenda Mbagala, Chanika, Bunju, Kimara, Gongo la Mboto. Maktaba imebaki palepale mjini kama mzee aliyesahauliwa stendi. Mtoto wa Mbagala akitaka kusoma kitabu cha maktaba apande daladala, abadilishe, na kurudi vilevile. Kitabu hicho kina nauli.

Kila kata ina ofisi. Kila kata ina mabango ya wagombea uchaguzi ukifika. Vipo vituo vya polisi, vipo vibanda vya kubeti kila kona, vimepakwa rangi, vina viti na runinga kubwa. Kijana wa mtaani kwetu akitaka kupoteza hela yake atembee hatua hamsini. Akitaka kitabu asafiri. Nani aliyepanga mji hivi, ni kijana?

APRILI NA MEI

Miezi hii miwili nimeiunganisha kwa sababu ilikuwa ya kitabu kimoja, Kuli, cha Shafi Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1979.

Abiria walipungua kwa hofu ya Corona, na bodaboda wa kijiweni walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wanapiga miayo. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na kitabu, nikisubiri mzigo wa mama. Mmoja akasema: "We msomi, si utusomee na sisi, unakula peke yako?" Alisema kwa utani. Nikawasomea kwa sauti.

Kuli ni habari za makuli wa bandari ya Unguja, wabeba magunia, na kijana Rashidi anayeingia kazi hiyo na taratibu kuelewa kwamba mgongo wake ndio unaotajirisha wengine. Nyuma yake upo mgomo wa kweli wa makuli wa Zanzibar wa mwaka 1948. Siku ya kwanza walinisikiliza watatu. Wiki iliyofuata nilikuwa na watu wanane, na abiria mmoja aliyemwambia dereva wake asubiri kwanza sura iishe.

Nisiongeze chumvi: wapo waliolala, na mmoja alikuwa anataka tu kujua Rashidi ataoa au la. Lakini tulipofika kwenye habari za mgomo, kijiwe kiliwaka. Kwa nini? Kwa sababu wengi wao pikipiki si zao. Wanaendesha ya bosi, na kila jioni bosi anataka hesabu, abiria wawepo wasiwepo, mvua inyeshe isinyeshe, Corona iwepo isiwepo. "Sasa hawa makuli walikubaliana vipi wote wasiende kazini?" "Na asiyekuwa na akiba alikula nini?" "Na wale waliowasaliti je?" Wakabishana saa nzima. Hakuna hata mmoja aliyesema "dhamira ya kwanza ni ukombozi". Lakini niambie, ndugu mwalimu, ungewapa maksi ngapi?

Kati ya hao wanane, wawili waliishia darasa la saba. Hao ndio "vijana wasiosoma" wa kwenye semina. Walichokosa ni kitabu na mtu wa kuanzisha. Vyote viwili vilipopatikana kwa bahati, walisoma kwa masikio, kama babu zao walivyosikiliza tenzi barazani. Jambo la kushangaza si kwamba walipenda. La kushangaza ni kwamba ilibidi ugonjwa wa dunia nzima uje ndipo wasomewe.

JUNI

Shule zikafunguliwa tarehe 29 Juni 2020, mdogo wangu akarudi darasani. Wenzangu waliochaguliwa kidato cha tano wakanunua matranka. Mimi nikamaliza sura ya sita ya riwaya yangu.

Baadaye nilipoikamilisha niliipeleka kwa mchapishaji mmoja, simtaji. Mzee yule alinipokea vizuri, tena kwa soda. Akaniambia: "Mwanangu, unaandika vizuri. Lakini sisi tunachapa vitabu vya shule. Riwaya hailipi. Vijana hawasomi." Unaona wimbo ulivyozunguka? Hachapi kwa kuwa hatusomi. Hatusomi kwa kuwa hakuna kinachochapwa tukakimudu. Na wote tunashika tama.

Haikuwa hivi siku zote. East African Literature Bureau ilianza mwaka 1948, Tanzania Publishing House mwaka 1966, na riwaya za Kiswahili zilipata nyumba za kuzaliwa. Mambo yalipoharibika, waandishi wengine hawakukaa kulia: Mtobwa aliingia mwenyewe katika uchapishaji. Leo vijana wenzangu wanaandika hadithi za mfululizo kwenye WhatsApp, sura kumi bure, sura ya kumi na moja unatuma hela kwa simu. Nyingine ni mbovu, kweli. Lakini zina wasomaji wanaolipa! Wale "wasiosoma" wanalipia sura moja moja, usiku, kwa hela ya vocha. Kama huo si ushahidi, basi mahakama hii haina haja na ushahidi.

Tuzo nazo zimeanza kuja. Ipo tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Safal-Cornell iliyoanzishwa mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2023. Nazishukuru, na nitashiriki. Ila tuzo ni mara moja kwa mwaka, na kiu ni ya kila siku. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Nchi nzima ilibishana: ni wetu, si wetu, ana pasi ya wapi? Wiki nzima ya ubishi, na katika wabishi wote niliokutana nao hakuna aliyekuwa amesoma ukurasa wake mmoja. Tafsiri ya Kiswahili ya Paradise, kwa jina la Peponi, aliyoifanya Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022. Sasa wale wabishi wako wapi? Wamehamia ubishi mwingine.

TUAMBIANE SASA

Wasomaji wa jarida hili wengi tunaandika, kwa hiyo fimbo isiishie kwa wakubwa tu. Tupo sisi wa aina hii: ana riwaya tatu kwenye simu, anataka jina lake kwenye jalada, lakini hajamaliza hata kitabu kimoja cha Said Ahmed Mohamed, hajui Shaaban Robert aliandika Kusadikika mwaka 1951 nchi ikiwa mikononi mwa mkoloni, na akaweza kuwasema watawala kwa mfano wa nchi inayoelea angani. Ukimwambia asome anasema ataharibiwa mtindo wake. Mtindo gani, kaka? Dada, mtindo gani? Fundi seremala asiyewahi kukalia kiti cha mwenzake atajuaje chake kinachoma?

Mapendekezo yangu ni machache na hayahitaji semina. Shule ziweke kipindi kimoja kwa wiki cha kusoma tu, bila swali, bila dhamira, bila maksi. Na mtihani umruhusu mwanafunzi kujibu kwa riwaya yoyote aliyoisoma kwa dhati, hata kama haipo kwenye orodha. Ofisi ya kata iwe na kabati moja la vitabu na daftari la kuazima, ufunguo akabidhiwe kijana anayependa, si mlinzi anayeogopa vitaibiwa. Wachapishaji wajaribu tena vijitabu vyembamba vya karatasi rahisi, bei ya sahani ya chipsi, vinavyotoka kwa mfululizo. Na sisi, kila mmoja wetu, kijiwe kimoja, kitabu kimoja, sauti moja. Hilo la mwisho halina bajeti.

Mpaka hapo, atakayeimba tena ule wimbo mbele yenu, msigombane naye. Muulizeni swali moja: katika mtaa unaokaa wewe, mtoto wa mama ntilie akitaka kitabu leo jioni, atakipata wapi? Akitoa jibu, tutamsikiliza. Akikosa, anyamaze, apishe njia, watu wana hamu ya kusoma.